Dirk Gently cha pili kimenibwaga, au ni mimi tu?

Ndezi Msomi

Wakuu habari zenu. Nimemaliza kitabu jana usiku na bado nina hasira nacho. Mke wangu nimemwelezea mpaka kaniambia nikatafute watu wenye muda, ndo nimekuja hapa. ONYO: natoboa siri za vitabu vyote viwili, kama hujasoma na unataka kusoma pita salama.

Iko hivi. Kuna rafiki yangu alinipa Dirk Gently's Holistic Detective Agency ya Douglas Adams, ile ya 1987. Adams nilikuwa namjua kwa vile vitabu vyake vya anga za juu, sikujua kama ana mpelelezi. Kurasa za mwanzo sikuambulia kitu. Kuna farasi yupo bafuni kwa profesa mmoja pale Cambridge, bafu lenyewe liko ghorofani. Kuna Mtawa wa Umeme, ni roboti, kazi yake ni kuamini mambo kwa niaba ya tajiri wake, yaani kama una mashine ya kukufulia nguo basi na hii inakuaminia, wewe unapumzika. Kuna sofa limekwama kwenye ngazi anapokaa Richard, na huyu Richard ni mtu wa kompyuta basi kalichora sofa kwenye mashine yake analizungusha huku na huku atafute namna ya kulitoa, kompyuta inamwambia halitoki, na sio tu halitoki, haikuwezekana hata liingie. Nikasema huyu mwandishi anachezea muda wangu. Na mpelelezi mwenyewe anachelewa kuingia balaa, ukija kumuona ni jamaa mnene mnene mwenye kofia isiyomkaa, tapeli tapeli hivi, anadai kila kitu duniani kimeungana na kila kitu kwahiyo bibi wa watu kapotelewa na paka analetewa bili ya safari ya Bahamas.

Halafu mwishoni VYOTE vinaungana. Sofa lina jibu. Farasi ana jibu. Nilirudi ukurasa wa kwanza nikaanza upya nikawa nakuta vitu alivyoviacha wazi mbele ya macho yangu na mimi nimevipita.

Basi nikakimbilia cha pili, The Long Dark Tea-Time of the Soul, 1988. Na mwanzo wake aisee, mtamu kuliko hata cha kwanza. Dada wa Kimarekani anaitwa Kate yuko Heathrow anataka kwenda Oslo, kwenye foleni kuna mwanaume bonge la mtu, hana pasipoti wala kadi ya benki, anabishana na dada wa kaunta, mara kaunta inalipuka inatoka na paa. Wakubwa wanachunguza wee hawapati maelezo, wanasema ni kudra ya Mungu. Dirk anasoma hiyo habari anajiuliza, sawa, lakini mungu gani huyo ambaye alikuwa anawahi ndege ya saa tisa na dakika 37 ya kwenda Oslo? Hapo nilicheka hadi mtoto akaamka.

Na Dirk anaingia mapema safari hii. Ana mteja aliyemwambia anafuatwa na jitu la macho ya kijani limeshika panga la kuvunia na mkataba, Dirk hajaamini hata kidogo ila pesa anazitaka, anatakiwa awe kwa mteja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akalala. Anafika anakuta polisi wamejaa na kichwa cha mteja kiko juu ya sahani ya santuri kinazunguka, wimbo umekwama unajirudia. Nikasema hapa nimeshiba.

Kumbe ndo bia ya kwanza na ya mwisho. Kuna tai anamsumbua Dirk nyumbani kwake, tunakuja kuambiwa ni ndege ya kivita iliyogeuzwa tai. Kuna hospitali ya ajabu, Kate anaenda kumtafuta yule bonge, anakuta binti anataja bei za hisa za jana bila kukosea hata moja, anakuta mzee anatamka maneno ya Dustin Hoffman mwigizaji kabla mwenyewe hajayatamka. Nikawa naweka alama pembeni maana nilishafundishwa na kitabu cha kwanza kwamba hivi vitarudi vinipige kofi. Sikupigwa. Kuna friji Dirk analiogopa kulifungua. Yule bonge ni Thor, mungu wa radi wa watu wa kaskazini, na baba yake Odin kauza nguvu zake kwa mke na mume, wakili na mtu wa matangazo, ili yeye alazwe hospitali ya pesa kwenye mashuka safi ya kitani maisha yake yote. Hebu fikiria wazo hilo! Mungu kauza uungu kwa ajili ya mashuka. Na limemaliziwa kurasa chache za mwisho, haraka haraka, nilifungua nyuma nikidhani nakala yangu imechanika.

Kwahiyo nauliza, ni mimi sijasoma vizuri au kitabu kimechemka? Na mtu aliyekifanya cha kwanza vile, mwaka mmoja tu baadaye aliishiwa nini? Na kile cha tatu ambacho hakikumalizwa, nikitafute au niache?

Kanyaboya254

Si wewe tu buda. Mimi hiyo ya pili nilianza nikaacha nikarudi tena nikaacha. Shida yangu ni Dirk mwenyewe, hafanyi kazi. Kwa ile ya kwanza jamaa anafikiria, unaona kabisa akili ikizunguka. Kuna ile part ya profesa kufanya kiinimacho pale mezani, chombo cha chumvi kinapotea halafu anavunja chungu cha zamani sana na chumvi iko ndani. Watu wazima wote wanashindwa kujua alifanyaje. Dirk anafanya nini? Anaenda kwa barabara anauliza mtoto. Mtoto anamwambia basi ni lazima yule mzee ana mashine ya kusafiri kwa wakati, na anamuona Dirk kama mjinga kwa kuuliza. Na ndio jibu!! Hiyo scene pekee inanitosha mimi nimpende huyo mpelelezi hadi kesho.

Sasa ya pili anapigwa na mtoto pua inavunjika, anafukuzwa na tai, anapotea njia akiendesha gari kwa sababu anafuata gari yoyote inayokaa kujua inaenda wapi. Hiyo ya gari ni noma, nakubali, hata mimi nimewahi kujaribu na nikaishia mahali sitaki kutaja. Lakini ni kama mwandishi pia alikuwa anaendesha kitabu hivyo hivyo.

Fundi Saa

Mkuu Ndezi, swali lako la kwamba aliishiwa nini linajibika ukijua cha kwanza kilitoka wapi, maana watu wengi hawajui, hakikuandikwa kutoka sifuri.

Mwaka 1979 Adams alikuwa mhariri wa miswada kwenye Doctor Who, ile tamthilia ya tivii ya BBC ya kusafiri kwenye wakati. Mwaka huo akaandika na wenzake City of Death, ikaenda hewani kwa jina la kubuni la David Agnew. Humo kuna chombo cha viumbe kutoka sayari nyingine kinalipuka duniani zamani za kale kabla ya uhai, na mlipuko wenyewe ndo unaanzisha uhai, halafu aliyebaki anahangaika kurudi nyuma auzuie. Umeshaona? Mwaka huo huo akaandika Shada, ina profesa mzee sahaulifu anaitwa Chronotis, anakaa chuo cha St Cedd's Cambridge, vyumba vyake ndo chombo chenyewe cha kusafiri kwenye wakati. Walishapiga sehemu ya picha, mgomo ukaingia BBC, ikaachwa njiani. Adams hakutaka mali ile ioze. Kwahiyo alipokuja kukaa kwenye Dirk Gently alikuwa na mifupa miwili iliyokwisha kupimwa na kukatwa, kazi yake ikawa kuiunganisha na kuweka nyama. Ndo maana kile kitabu kimebana vile, hakuna msumari umelegea.

Niwape mfano mmoja ambao mimi huwa nauonea wivu. Kumbukeni karamu ya chuoni pale mwanzoni, wanasoma Kubla Khan ya Coleridge, na Adams anapitisha kijuujuu tu kwamba wakaja kwenye sehemu ya pili ya shairi ambayo ni ya ajabu zaidi. Mtu anayelijua shairi anashtuka, sehemu ya pili gani tena? Coleridge alipolichapisha 1816 alieleza mwenyewe kwamba aliliota, akaamka akawa analiandika, mara akaja mtu kutoka Porlock kwa shughuli zake akamkalisha, alivyoondoka ndoto imeshayeyuka. Kwahiyo msomaji anadhani Adams kakosea. Kumbe kwenye dunia ya kitabu, pale mwanzoni, shairi lilikuwa limekamilika kweli, na likikamilika mzuka wa kiumbe wa meli ile iliyolipuka na kuanzisha uhai unafanikiwa kurudi kuzuia meli isilipuke na sisi sote hatupo. Mtu wa Porlock ni Dirk! Anaenda kumpigia Coleridge porojo makusudi asahau. Ukifunga kitabu unagundua kwamba dunia unayoishi wewe, yenye shairi nusu, ndo dunia iliyookolewa.

Kitu kama hicho hukitengenezi kwa mwaka mmoja ukianzia karatasi tupu. Cha pili alianzia karatasi tupu, alikuwa na hali tu, uwanja wa ndege, mvua ya London, miungu iliyochoka. Hata jina la kitabu ni maneno yake mwenyewe aliyokwisha kuyatumia 1982 kwenye Life, the Universe and Everything, pale anapoeleza uchovu wa jumapili alasiri wa mtu asiyeweza kufa. Na Adams na tarehe za mwisho za mchapishaji mnajua wenyewe, 1984 ilibidi wamfungie hotelini London na Sonny Mehta wa Pan, wachapishaji wake, akakaa naye humo mpaka kitabu kiishe. Mtu wa namna hiyo akikimbizwa kitu cha kwanza kuumia ni mwisho wa kitabu.

Mpenda Farasi

mimi nimeingia kwa ajili ya farasi wa bafuni, naona hajajadiliwa vya kutosha

Shangazi Rukia

Assalam aleikum. Nimewasoma nyote nikasema leo nitie mkono maana naona mwakionea kitabu cha watu.

Mwanangu Ndezi, wewe ulikwenda kutafuta kitabu cha kwanza ndani ya cha pili. Hukukikuta, ukakasirika. Lakini kile hakikutaka kuwa fumbo la kufungua. Mie nilikisoma zamani nikiwa London, na kituo cha St Pancras nilikuwa nakipita kila siku kwenda kazini. Lile jengo la mbele, la matofali mekundu na minara, lilikuwa hoteli kubwa kweli zamani za reli, ikafungwa 1935, na miaka hiyo Adams anaandika lilikuwa gofu, njiwa tupu, na pale nje na upande wa King's Cross watu wasio na makazi wamelala chini kwenye maboksi. Basi yeye akaliangalia jengo lile akasema hii ndiyo Valhalla, ukumbi wa miungu, umo humu humu ila jicho la binaadamu halioni. Na wale walolala nje ndio miungu wenyewe. Watu waliwaumba walipowahitaji, kisha wakaacha kuwahitaji, lakini mungu hafi, basi anakwenda wapi? Analala kituoni. Hoteli wameifungua tena 2011, imepambwa, mie kila nikiiona picha nawaza wamewapeleka wapi.

Sasa we Fundi waniambia hakikuwa na mifupa. Mifupa anayo Odin pale kitandani, mzee keshachoka kuabudiwa, hataki vita hataki dhabihu, ataka shuka lililopigwa pasi. Nani kati yetu mwenye mzazi mkubwa hajaona hilo?

Na yule binti wa bei za hisa anarudi, soma tena. Anarudi kwenye mazungumzo ya Dirk na Kate. Kate amletea ile kauli ya Sherlock Holmes, kwamba ukishaondoa yasiyowezekana kinachobaki hata kama hakielekei ndio kweli. Dirk anaikataa kabisa! Asema jambo lisilowezekana mara nyingi lina unyoofu wake, lile lisiloelekea tu ndilo la kulitilia shaka. Kwamba binti anazitoa zile bei hewani, hilo haliwezekani basi, kuna kitu hatukijui, na vitu tusivyovijua ni vingi mno. Lakini kusema amezikariri zote ili awachezee watu, mtoto wa watu kwenye kiti cha magurudumu, kila siku, bila faida yoyote, hilo linakwenda kinyume na tunavyowajua binaadamu, na binaadamu tunawajua. Wallahi kwangu mie ndo pahala penye akili zaidi katika vitabu vyote viwili.

Ndezi Msomi

Shangazi shikamoo. Hiyo ya St Pancras imenikaa, nilivyosoma nilidhani kachagua kituo chochote tu.

Ila kwenye binti hatutaelewana. Anarudi kama mfano wa kufundishia, kwenye kesi hayumo. Ukimtoa kwenye kitabu Odin anabaki pale pale na mkataba unabaki pale pale. Jaribu kumtoa farasi kwenye kile cha kwanza, huwezi, maana farasi ndo alimleta Mtawa, Mtawa ndo kampiga risasi Gordon Way, bosi wa Richard, Gordon asipokufa hakuna kitabu. Hapo ndipo ninapolia mimi. Huyu mtu alishatuahidi kwamba kila kitu kimeungana, ni jina la kampuni ya mpelelezi wake! Halafu anatupa vitu ambavyo vimeungana kwa maneno ya Dirk tu.

Hiyo hoja ya Dirk kuhusu Holmes naikubali mia kwa mia. Ni kali. Ningeipenda zaidi kama ingemsaidia kukamata mtu.

Fundi, asante sana kwa hiyo ya Doctor Who, sikuwa naijua na imenitoa tongotongo. Sasa swali jingine limezaliwa, kwahiyo kile cha kwanza ni bahati? Maana ukisema mifupa ilikuwepo tayari ina maana akianza mwenyewe hawezi.

Fundi Saa

Hapana, mifupa ile pia aliitengeneza mwenyewe, tofauti ni kwamba alipata miaka ya kuiangalia ikiwa imelala. Sofa halimo kwenye Doctor Who, Mtawa wa Umeme hamo, Kubla Khan haimo. Alikuwa na nafasi ya kuweka vile vitu kwa sababu swali kubwa la kitabu lilishajibiwa zamani. Cha pili alikuwa anatafuta swali na jibu na vichekesho vyote kwa pamoja.

Halafu ongeza hili, 1988 ndo alikuwa anaanza safari na Mark Carwardine, mtaalamu wa wanyama, kutafuta wanyama wanaokaribia kutoweka, iliyokuja kuwa Last Chance to See, redioni 1989 na kitabu 1990. Madagaska alikuwa ameshaenda 1985 kutafuta aye-aye. Moyo ulishahama. Hadi anakufa alisema katika vitabu vyake vyote hicho ndo anachokipenda zaidi. Binafsi naona na kwenye cha pili unakisikia, ile huruma kwa viumbe ambavyo zama zao zimepita na bado vipo.

Kanyaboya254

Fundi umesema safi hapo mwisho. Kwa hiyo Last Chance wanaenda hadi Zaire, Garamba, kuona vifaru weupe wa kaskazini. Hao sasa wameisha, dume wa mwisho Sudan alikufa hapa kwetu Ol Pejeta 2018, wamebaki majike wawili. Nikisoma hiyo chapter siku hizi utani wote unakwama kooni.

Na kuna kitu mnafaa kujua, huyo mzee aliwahi kutembea huku kwetu. 1994, walikuwa kundi la Save the Rhino, wakatoka Mombasa kwa mguu hadi Kilimanjaro, wanapokezana kuvaa vazi la kifaru, nguo kubwa nzito ya maonyesho, jua la Taru hilo. Adams naye alilivaa kwa sehemu ya njia. Wanachangisha pesa za vifaru na shule. Kuna makala yake kuhusu hiyo safari, imo ndani ya hicho cha tatu Ndezi anachouliza.

Mama Zai

Habari za humu. Kuhusu cha tatu nijibu mimi maana ninacho, The Salmon of Doubt, kilitoka 2002, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki, alifariki 11 Mei 2001 huko Santa Barbara, California, moyo, ametoka mazoezini, ana miaka 49 tu. Kaka usikinunue kwa ajili ya Dirk. Dirk ni sehemu ya mwisho tu ya kitabu, sura kumi na kitu, na hata hizo mhariri Peter Guzzardi ameziunga kutoka kwenye miswada tofauti tofauti iliyokutwa kwenye kompyuta zake, maana alikuwa anaanza anaacha anaanza tena miaka na miaka. Kuna paka ambaye nusu yake ya nyuma haipo na yeye anaendelea na maisha yake kama kawaida, mwenye paka anataka Dirk amtafutie hiyo nusu. Kuna pesa zinaingia benki kwa Dirk na hajui nani anamlipa wala kwa kazi gani, akaona basi lazima afanye kitu kwa hizo pesa, akachagua mtu barabarani akaanza kumfuata, anajikuta Marekani. Na kuna sura nzima tunaiona kwa pua ya kifaru, dunia yote ni harufu. Hiyo ni nzuri sana, ukijua alitembea ndani ya vazi la kifaru ndo unaelewa kaipata wapi. Halafu linakatika. Hakuna mwisho kabisa, wala dalili ya mwisho.

Na kitu kingine Adams mwenyewe alikuwa ameshasema kwamba mawazo mengi aliyokuwa anayaweka mule hayaendi kwa Dirk, huenda yakafaa kuwa kitabu cha sita cha ile Hitchhiker's, vile vya anga za juu. Kwahiyo hata angeishi hatujui kama tungempata Dirk wa tatu.

Sehemu iliyobaki ya kitabu ni makala, mahojiano, barua, hizo ndo zinakufanya usijute hela yako. Mimi nimesoma ya vazi la kifaru nikiwa kwenye daladala nikacheka peke yangu hadi konda akaniuliza kama niko sawa.

Mzee wa Kiko

Nyie mnahangaika na mpelelezi wa Cambridge na sisi tuna Bwana Msa, kiko mdomoni, tangu 1960. Na riwaya zake zinafuatana na sikumbuki hata moja iliyokosa mwisho. Ni hayo tu.

Kanyaboya254

@Mzee wa Kiko haha lakini Bwana Msa hajawahi kukuta farasi kwa bafu

Shangazi Rukia

Mwataja vyote mwasahau friji! Ndezi ulilitaja ukaliacha na ndilo lililokuwa jawabu lako. Ulisema hakuna kitu kinachorudi. Dirk na yule mfanyakazi wake wa usafi wamegomeana, kila mmoja angoja mwenziwe alifungue kwanza, wiki zinapita, wewe wacheka wadhani ni uchafu wa mwanamme asokuwa na mke. Kumbe aibu yake imo mle ndani yaiva. Na mwisho anatoka nini? Mungu mpya, mungu wa hatia. Kitabu kizima chasema watu ndio wanaoumba miungu kwa haja zao, na Dirk bila kujua ameumba wake jikoni. Si farasi huyo?

Ndezi Msomi

Shangazi friji nalikubali, ni farasi kweli, ila ni farasi wa kurasa mbili. Anazaliwa mungu mzima na anatumika kufunga mlango tu basi. Angekuja katikati ya kitabu, Dirk akaishi na mungu wa hatia ndani ya nyumba, wanagombania rimoti, anamwamsha asubuhi kumkumbusha yule mteja aliyekufa kwa sababu yeye alilala, hapo ningekaa kimya. Mteja kafa kwa uzembe wake, kitabu kinaanza na hilo, na Dirk anaumia kama sura mbili hivi halafu maisha yanasonga. Mungu wa hatia yupo kwenye friji na hatia yenyewe ipo tayari na havikukutanishwa ipasavyo! Yaani vifaa vyote vya kitabu bora kuliko cha kwanza vilikuwa mezani.

Nitatafuta cha Mama Zai kwa ajili ya hiyo ya kifaru. Na zile za kwenye tivii vipi, kuna aliyeona?

Fundi Saa

Zipo mbili. BBC Four walitoa moja ya majaribio 2010 na tatu 2012, Dirk ni Stephen Mangan, ndogo, bajeti ya mchicha, wamechukua vipande vipande vya vitabu, hao waliishika ile tabia yake ya utapeli. Halafu ya BBC America, 2016 na 2017, Samuel Barnett na Elijah Wood, misimu miwili wakaikata. Hiyo stori si ya vitabu kabisa, iko Marekani, damu nyingi, makelele mengi, ila msimu wa kwanza kila kitu cha kijinga unachokiona mwanzo kinarudi mwishoni. Kwa maradhi yako Ndezi anza na hiyo.

Mpenda Farasi

ina farasi?

Fundi Saa

Ina mbwa. Na papa.